Tumbo la Daktari Elirehema

Gari lilikuja lenyewe bila dereva, likasimama pale uzio wa masale unapoanzia. Mlango ukafunguka. Mtu aliyeshuka akapapasa hewa kwa mkono kabla hajakanyaga chini. Mimi nilikuwa kibarazani nachambua ulezi, na mkono ule ukaniambia kila kitu: huyu naye giza limemfikia.

Moyo wangu ukacheka. Siwadanganyi, wajukuu zangu, ulicheka mpaka nikaushika kwa kiganja.

“Hodi hapa.”

“Karibu. Nani mwenzetu?”

“Mae, mama yetu, umenisahau? Ni Elirehema.”

Kumsahau! Unaweza kumsahau mtu aliyekuzimia taa nyumba nzima? Nikamtazama. Suti nzuri, viatu vizuri, na macho yamekaa kama ya samaki wa juzi. Mkono wa kulia ameshika jani la sale, limefungwa fundo.

Hapo ndipo kicheko changu kilipokatika. Kwetu huku mlimani, aliyekukosea akikuletea sale lenye fundo, humrudishi, hata awe amemwaga damu. Ukilikataa jani, ubaya wote unageuka unakufuata wewe na uzao wako. Naye alilijua hilo vizuri, maana kitovu chake kimezikwa hapo chini ya mfereji. Hakuja kuomba, alikuja kunifunga mikono.

“Lete,” nikasema. Nikalipokea, nikalichomeka kwenye boriti. “Nimekusamehe. Kaa.”

Kutoka upande wa zizi mwanangu Eliakunda akauliza, “Mae, ni nani huyo?” Alikuwa kwenye kigoda chake anapukuchua mahindi kwa vidole. Zamani vidole hivyo vilishona suti za harusi za watu wa kutoka hata Arusha.

“Ni mgeni, baba. Endelea na mahindi yako.”

“Sauti yake naijua,” akasema Eliakunda, na mahindi yakaacha kudondoka kwenye beseni.

*

Sasa niwaeleze alichotufanyia.

Zamani, watu wa kijiji chetu waliokuwa na sukari hawakupofuka. Miguu iliuma, figo zilisumbua, lakini macho yalibaki. Hatukujua kwa nini, wala hatukuuliza. Kampuni moja ya dawa ndiyo iliyouliza. Ikaja na huyu Elirehema mbele, kijana wetu, msomi wetu, ikatuomba haja zetu kwenye vikopo. Tulicheka sana siku hiyo. Meku mmoja, mzee wa hapa, alisema hajawahi kuona wezi wenye njaa kama hao.

Kumbe ndani ya vikopo vile kulikuwa na mali. Tumboni mwetu walikaa bakteria wasiopatikana kwingine, wa togwa yetu ya ulezi tuliyorithishana chungu kwa chungu. Sisi tukaja kuwaita walinzi. Kazi zao ni mbili. Kwanza wanalinda ukuta wa utumbo usitoboke, taka za tumboni zisiingie kwenye damu. Pili wanaichukua nyongo na kuigeuza kuwa kitu kinachopanda na damu mpaka nyuma ya jicho na kuituliza mishipa ya pale. Mishipa hiyo ni myembamba kuliko utando wa buibui. Sukari inailegeza, taka za tumboni zinaichoma, nayo inavuja. Mtu anaanza kuona nyuzi nyeusi zinaelea, halafu wingu, halafu basi.

Kampuni ilipokwisha kuchukua mbegu ya walinzi hao, ikarudi na vidonge vya “kusafisha tumbo”. Watu wakasita. Hapo Elirehema akapanda jukwaani akafanya kitu ambacho mgeni asingekijua: akaonja. Huku kwetu humpi mtu kata ya kinywaji kabla hujapiga funda mbele yake. Tunaita kutoa sumu. Yeye akatoa kidonge, akakimeza mbele ya kijiji kizima, akafungua mdomo tuone ulimi. Watu wakapumua. Wakapanga foleni, Eliakunda wangu, naye mwenye sukari, mbele, maana alikuwa balozi wa nyumba kumi na alitaka kuonyesha mfano.

Kidonge cha Elirehema kilitoka mfuko mwingine. Kilikuwa chaki.

Vidonge vya wenzetu viliua walinzi wote na kuacha kufuli ndani ya utumbo, kwamba mbegu yoyote ikiingia bila ufunguo wa Kampuni inakufa papo hapo. Kuanzia hapo tukawa tunanunua kwao kilichokuwa chetu. Halafu mapipa yao ya kukuzia mbegu yakaingia ugonjwa, mbegu ikafa yote, na waliofungwa wakabaki na kufuli na matumbo matupu. Watoboaji, bakteria wanaotoboa ukuta wa utumbo, wakahamia. Macho yakaanza kwenda, nyumba hadi nyumba.

Mimi nilipona kwa ukaidi tu. Mimi na vidonge hatujapatana tangu utoto. Nilikibana shavuni, nikaenda kukitemea kwenye mgomba. Mgomba ule haukuzaa tena.

Kwa hiyo walinzi ninao. Na siku zote hizo, kila nilipompa mwanangu togwa yangu, walinzi wangu waliingia tumboni mwake wakafa mlangoni. Fikiria hilo. Una dawa ya mtoto wako, inachacha jikoni kwako, na huwezi kumpa.

*

Nikamwita Nsia, muuguzi wa zahanati, binti wa jirani. Akaja na mshipi wake wa kusoma tumbo, akamfunga Elirehema kiunoni. Mshipi ule una sauti ya mwanamke wa redioni, hauna huruma hata kidogo.

“Ukuta wa utumbo: unavuja,” ukasema. “Walinzi: hawapo. Watoboaji: hawajaingia. Kufuli: hakuna. Ufunguo: upo.”

Nsia akaurudia tena. “Ufunguo upo, Bibi. Upo kweli.”

“Sisi wakubwa wa Kampuni hatukufungwa,” akasema Elirehema. “Tulibeba ufunguo tumboni, ni bakteria kama wengine. Mae, nisikilize. Mimi nina sukari mwaka wa ngapi huu sijui. Ugonjwa ulioua mbegu ya mapipani ulinifikia hata mimi niliyekuwa naitumia, yangu nayo ikafa. Daktari wa macho amenipa mpaka masika. Walinzi wako wakiingia kwangu watakaa, sina kufuli.”

“Na mimi nitapata nini? Jani ninalo tayari.”

“Bakteria hufundishana. Wakikaa pamoja hupeana vipande vya maarifa, kama majirani wanavyopeana kaa la moto. Walinzi wako wakiishi na ufunguo wangu, watajifunza kufungua. Watakaotoka kwangu wataweza kuingia kwa Eliakunda. Kwa kijiji kizima.”

Nsia akaniangalia, akatikisa kichwa taratibu. Ni kweli.

“Na utakaa hapa mpaka wote wapone?” nikauliza.

“Nitakaa, Mae. Nakuapia.”

Jinsi alivyoapa! Laini, kama siku ile jukwaani. Nikamwambia arudi kesho yake asubuhi, nitakuwa nimeandaa togwa.

Wajukuu zangu, niliandaa vibuyu viwili.

Kimoja kilikuwa cha walinzi wangu. Cha pili kilikuwa cha watoboaji, na niliwatoa kwa Eliakunda mwenyewe. Msiniulize nilivyowapata, aliyelea mtu asiyeona anajua kila kinachotoka kwake. Wale wale waliokula macho ya mwanangu niliwalisha ulezi na ndizi mpaka wakanenepa. Nilitaka kumpa kibuyu hicho peke yake, aondoke na giza lake akapapase kuta za Dar es Salaam.

Lakini nilipomtazama mwanangu akitafuta kikombe kwa kiganja juu ya meza, mkono wangu ukawa mzito. Nikimpofusha Elirehema, watoboaji watakula ufunguo pamoja na macho yake. Nikimponya, ataniaga kwa heshima na kupanda gari lake.

Ndipo nikakumbuka tumbo langu mwenyewe. Ninakula chungu kimoja na mwanangu, kwa hiyo watoboaji ninao pia. Mshipi wa Nsia huwaona kila mara: wamelala, walinzi wangu wamewakalia vichwani. Walinzi wangu ni wazee, wana mizizi. Walinzi wageni katika tumbo jipya watawalaza watoboaji kwa muda tu, mradi wapate togwa yangu kila siku. Siku wakiikosa, watoboaji wanaamka.

Nikachanganya vibuyu vyote viwili kwenye chungu kimoja.

*

Asubuhi alikaa kibarazani amenyoosha shingo, anasubiri.

“Kabla ya kunywa,” nikasema, “kitendawili.”

Akacheka. “Mae, bado na vitendawili? Tega.”

“Nyumba yangu ina wapangaji kuliko nchi nzima, na mwenye nyumba hajamwona hata mmoja.”

“Tumbo!” akasema upesi, kama mtoto wa darasa la pili. “Hicho ni changu hicho.”

“Haya, umepata. Kingine. Amefungwa bila kamba, analishwa bila kulima, na mlango wake uko wazi.”

Akafikiri. Akafikiri tena. “Mfalme?”

“Wapi.”

“Mtoto mchanga?”

“Wapi. Nipe mji.”

“Nakupa Moshi.”

“Moshi nimechoka nao, ni hapo bondeni tu. Ongeza.”

“Haya, nakupa Dar es Salaam yote na bandari yake.”

“Nimepokea. Nimeenda Dar, nimekula samaki, nimeogelea, nimewasalimia wenzako wa Kampuni, nimerudi. Jibu ni ng'ombe wa ndani.”

Akapiga makofi. Ng'ombe wetu hawatoki, kila mtu mlimani anajua. Wanakatiwa majani na migomba, wanaletewa, wanazeekea zizini. Alicheka mpaka akafuta machozi, na mimi nikacheka naye, kila mtu na chake.

Nikachota kata. Akasikiliza. Sikuwa na haja ya kuambiwa anasubiri nini: macho hayaoni vizuri, masikio yanataka kusikia koo langu. Nikapiga funda kubwa, nikalimeza kwa sauti.

“Asante, Mae,” akasema, na akanywa yote. “Tamu!”

*

Ahadi yake aliitimiza mwanzoni, nisimseme uongo. Alilala chumba cha nje, akanywa kata yake kila asubuhi, akala nilichompa. Nyuzi nyeusi zikapungua. Siku moja akaniambia, “Mae, leo nimeona kilele cha Kibo!” Nikamwambia Kibo ni kipara siku hizi, hakina la kuonwa. Eliakunda alikuwa hapo hapo. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano kwa ulimi, kitu anachokifanya kila siku bila kushona chochote.

Kisha asubuhi moja mshipi wa Nsia ukasema: “Walinzi: wamejifunza ufunguo.”

Nsia akaruka. Akanikumbatia, akamkumbatia Eliakunda, akakimbilia zahanati kuandaa mashine yake, ile inayosafisha kinachotoka tumboni na kukigeuza unga mweupe kama wa muhogo.

Na Elirehema akaita gari.

“Naenda Dar kidogo, Mae. Hospitali kuu lazima waone jambo hili. Nikirudi—”

“Lini?”

“Kidogo tu. Nikirudi tutaanza na Eliakunda.”

Gari lilikuwa limeshafika kwenye masale, mlango wazi. Alikuwa amevaa ile suti.

“Nenda,” nikasema. “Ila ujue unachokibeba. Nilikupa walinzi, na watoboaji pia. Wamelala. Watalala madamu unakunywa togwa ya chungu changu kila asubuhi. Ukiikosa wanaamka, na sijaona wanaoamka na njaa kama hao. Wametoka kwa mwanangu.”

Alisimama mguu mmoja ndani ya gari. “Unatania.”

“Jifunge mshipi.”

Mshipi alikuwa ameuacha Nsia juu ya meza. Akarudi kibarazani, akajifunga mwenyewe. “Watoboaji,” ikasema sauti ya redioni, “wapo. Wamelala.”

“Ulionja!” akapiga kelele. “Nilikusikia ukimeza!”

“Nilimeza. Mimi ni mwenyeji, sikuonja chaki. Nilikunywa kile kile ulichokunywa.”

Wajukuu zangu, ile sura yake! Niliisubiri miaka. Ilikuwa tamu kuliko nilivyofikiri, na sitajifanya vingine.

“Utanishikilia mpaka lini?” akauliza, na sauti ilikuwa ya yule mtoto wa chini ya mfereji.

“Mpaka jicho la mwisho kijijini lirudi. Halafu tutaona.”

Nyuma yangu kigoda kikasogea. Eliakunda alikuwa amesimama.

“Mae, mshipi wako unasemaje juu ya watoboaji?”

“Nini tena?”

“Wako wewe. Tumboni mwako.”

Nikainama nikaokota punje za mahindi chini.

“Wamelala,” akasema mwanangu. “Nsia amekusomea mara nyingi nikiwa nimekaa hapa hapa. Hawakudhuru. Ulionja kitu kisichoweza kukudhuru, ukampa mtu kitakachomdhuru. Yeye alikula chaki. Tofauti iko wapi?”

“Tofauti ni kwamba yeye alianza!”

“Nimesikia.”

“Eliakunda, huyu alikuwa anaondoka! Mguu ulikuwa ndani ya gari!”

“Pengine angerudi.”

“Pengine?”

“Sijui, Mae. Na wewe hujui, wala hatutajua tena.” Akakaa polepole, akatafuta kigoda kwa mkono. “Mimi sinywi kitu kinachotoka kwenye tumbo la mtu aliyefungwa. Niliwahi kufungwa tumbo bila kuambiwa. Mfungue kwanza. Mpe kibuyu kimoja, cha walinzi peke yao, mpaka watoboaji wafe. Siku akiwa na miguu yake ya kwenda au kubaki, nitakunywa.”

“Akienda je? Ufunguo unaenda naye!”

“Basi utakuwa umeenda.”

Nilimwambia ana wazimu. Nikamwambia nilimbeba mgongoni mpaka hospitali ya wilaya mvua inanyesha. Nikamwambia mengi. Yeye alikuwa anapapasa mezani anatafuta sindano yake.

*

Elirehema alijaribu kuondoka, lazima angejaribu. Alifika Himo, akalala huko, akaja kurudishwa na gari lake na damu imetanda kwenye jicho la kushoto. Nikampa kata, nikaonja kwanza. Tangu hapo hatoki.

Nsia aliposikia nilichofanya alilia, akasema hatashiriki. Halafu mama yake mwenyewe, ambaye alikuwa anaona vivuli tu, akamshika mkono akamwambia, “Mwanangu, nipe.” Nsia akampa unga. Siku hizi ananisalimia tu, hakai.

Kijiji kinaona. Meku yule wa vikopo anasoma tena magazeti yake na kubishana nayo. Watu wanapita hapa wakielekea zahanati, wanachungulia chumba cha nje, wengine wanasema asante kwa yule mtu, wengine wanatema mate kwenye majani. Wananiletea mkungu, kuku, kitenge. Wananiuliza na Eliakunda je, lini? Nawaambia karibu.

Kila asubuhi nachota kata mbili. Ya kwanza ni ya chungu, ya Elirehema. Ya pili ni ya Nsia, unga wake nimeukoroga mwenyewe, na nikishaionja naiweka mkononi mwa mwanangu. Ningeweza kumvizia. Ningeweza kuitia kwenye mtori wake, asijue mpaka siku aamke aone mikono yake mwenyewe. Nimewahi kusimama na kijiko juu ya sufuria. Nikakirudisha. Sijui kama ilikuwa aibu au woga kwamba angejua kwa ladha na asile tena chakula changu.

Leo asubuhi amenishika kiganja kabla hajapokea kata.

“Bado yuko kule nje?”

“Yuko.”

Akainamisha kata taratibu, togwa ikamwagikia mchangani karibu na vidole vyake vya mguu. Kisha akanirudishia kata, akaendelea na mahindi.

“Mwaka jana jicho moja lilikuwa bado linaona mwanga,” nikasema. “Sasa yote mawili ni giza. Daktari anasema pazia la nyuma ya jicho likishakauka, hata walinzi hawatasaidia. Unanisikia? Kuna siku itapita.”

“Nakusikia, Mae. Siku hiyo ni yako kuchagua.”

Nikaingia jikoni. Mkungu wa jana ulikuwa umeiva vizuri, nikachambua ndizi, zile nene zilizokaa katikati, zisizo na doa, nikazimenya, maana tumbo la kule nje lazima listawi, kijiji kizima kinalitegemea. Zile ndogo za mwisho, zilizopigwa na jua upande, nikaziweka kwenye sahani ya mwanangu.

Nikazitazama sahani mbili pale juu ya meza.

Elirehema akaita kutoka chumba cha nje, “Mae, kumekucha.”

“Nakuja,” nikasema, nikabeba ile nzuri, nikampelekea.